Kwanza Miguu, Kisha Mbio

Paukwa, wanangu!

Leo sungura na fisi tuwaache wapumzike. Nitawasimulia watu wa kweli, wana wa Burundi hii hii, na hadithi yao nimeichagua kwa sababu moja. Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa yanapotoka, Bujumbura nzima, kutoka Buyenzi hadi Kanyosha, kutoka Kinama hadi Kinindo, nasikia swali lilelile: sasa nitakuwa nani? Swali ni zuri. Tatizo ni jibu, maana kijana akiulizwa hukimbilia jina la kazi. Daktari. Rubani. Mchezaji wa Simba au Yanga. Akishataja jina hilo anadhani mpango umekamilika, na wazazi nao hutikisa vichwa kwa furaha kana kwamba safari imefika.

Sasa nisikilizeni.

Mwaka ni 1996, mji ni Atlanta, Marekani. Kwa mara ya kwanza bendera ya Burundi inapita uwanjani kwenye Michezo ya Olimpiki. Nyumbani hali ni ya huzuni. Vita vilivyowaka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 bado vinaendelea, na familia nyingi zinalala bila kujua kesho zitaamkia wapi. Katika kikosi kile kidogo yumo kijana wa miaka 22, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, Makamba, kule kusini kuelekea mpaka wa Tanzania. Mbio zake ni mita 1500. Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano ya dunia mjini Gothenburg, Sweden, alichukua shaba nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Anayejua riadha anajua maana ya kumaliza nyuma ya wawili hao tu. Basi Atlanta kila mtu anamtazamia kwenye 1500.

Lakini yupo pia kaka yake katika riadha, Dieudonné Kwizera. Huyu kaka alikuwa mkimbiaji mzuri tangu zamani, na angeweza kwenda Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992. Hakwenda kokote. Miguu yake ilikuwa salama kabisa. Kilichokosekana ni kamati ya Olimpiki ya Burundi, maana nchi isiyo na kamati inayotambuliwa haipeleki mtu, hata awe na mbio kama upepo. Michezo miwili ikampita hivyo akiwa katika umri wake bora. Alipofika Atlanta, alikuwa amekwenda kama kocha.

Niyongabo akampisha. Akamwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1500, zile mbio ambazo yeye mwenyewe alikuwa anategemewa kupata medali, kisha akahamia mita 5000, ambazo mpaka siku hizo alikuwa amezikimbia mara chache mno.

Kwizera aliingia uwanjani, akakimbia, akatolewa raundi ya kwanza. Akina mimi tunaopenda hadithi huwa tunapita haraka hapo ili tufike kwenye dhahabu. Msipite haraka. Mtu yule alisubiri miaka 8 ili avae jezi ya nchi yake kwenye Olimpiki, na aliivaa. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kama medali, na kila ninaposimulia mkasa huu naanza kwa kumsifu yeye.

Tarehe 3 Agosti ikaja fainali ya mita 5000. Mzunguko wa mwisho Niyongabo akachomoka. Paul Bitok wa Kenya akamfuata kwa nguvu zake zote, akamkaribia, hakumpata. Dakika 13 na sekunde 7.96. Dhahabu! Mpaka Michezo ya Paris ya 2024, hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Burundi imewahi kupata.

Hebu tujiulize aliwezaje. Mtu hahami mbio leo akashinda kesho kwa kubahatisha. Mita 5000 ni mizunguko 12 na nusu, na wakimbiaji wakifika mzunguko wa mwisho wakiwa bado kundi moja, anayeshinda ni mwenye kasi iliyobaki. Niyongabo alikuwa amejenga kasi hiyo kwa miaka, kwa mazoezi ya 1500. Alikuwa na pumzi, alikuwa na jicho la kusoma mbio, alikuwa na uvumilivu wa kukaa nyuma mpaka wakati ufike. Vyote hivyo vilikuwa mali yake, vikahama naye. Kama moyoni angekuwa ameandika jambo moja tu, “mimi ni mtu wa 1500”, asingeweza kumpisha mwenzake, wala asingefika kwenye dhahabu ile.

Sasa dada yao. Francine Niyonsaba alizaliwa mwaka 1993 huko Ruyigi, mashariki mwa nchi. Mwaka 2012, akiwa na miaka 19, alikuwa bingwa wa Afrika wa mita 800 mjini Porto-Novo, Benin, na wiki chache baadaye akafika fainali ya Olimpiki ya London. Rio mwaka 2016 akachukua fedha ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 56.49, na Burundi ikapata medali ya pili ya Olimpiki, miaka 20 baada ya ile ya Niyongabo. Kwenye mashindano ya dunia ya ukumbini alikuwa bingwa mara mbili, 2016 na 2018. Ungemwuliza mtu yeyote wakati huo Niyonsaba ni nani, angekujibu bila kufikiri: mkimbiaji wa mita 800.

Mei 2019 kanuni mpya za shirikisho la riadha duniani zikaanza kutumika. Nawaeleza taratibu, kwa sababu jambo hili husemwa vibaya mitaani. Kuna wanawake wachache ambao miili yao, tangu kuzaliwa, hutengeneza kwa wingi homoni inayoitwa testosteroni. Hawakuinywa, hawakujidunga, ndivyo walivyoumbwa. Kanuni zikasema mwanamke wa namna hiyo hataruhusiwa kushindana kimataifa kuanzia mita 400 hadi maili moja, mpaka atumie dawa za kuishusha homoni hiyo. Niyonsaba alieleza hadharani kwamba zinamgusa. Watu wazima wanabishana kuhusu kanuni hizo hadi leo. Mimi nasema jambo moja ninalolijua: binti yule hakumdanganya mtu yeyote, na mbio alizozijenga maisha yake yote zilifungwa mbele ya macho yake akiwa na miaka 26.

Angeweza kurudi nyumbani akakaa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alihamia mita 5000 na 10,000. Watu wa riadha wanajua ugumu wa kuhama hivyo: mita 800 ni mizunguko 2, mita 10,000 ni mizunguko 25, na mazoezi yake ni ya namna nyingine kabisa. Mwaka 2021 akaenda Tokyo. Kwenye mchujo wa mita 5000 alienguliwa kwa kukanyaga nje ya njia. Hakufunga mizigo. Siku chache baadaye, tarehe 7 Agosti, alikimbia fainali ya mita 10,000 akamaliza wa tano kwa dakika 30 na sekunde 41.93. Septemba akashinda fainali ya Diamond League ya mita 5000 mjini Zürich, na tarehe 14 mwezi huohuo, mjini Zagreb, Kroatia, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Rekodi ile ilidumu mpaka 2024.

Ningependa kuishia Zagreb, lakini nitakuwa nimewakatia hadithi. Machi 2023 shirikisho lilizipanua kanuni zake hadi mbio zote, na ule mlango wa pili nao ukawekewa masharti. Basi msidhani kwamba mwenye mpango mzuri hapatwi. Hupatwa. Ila ile miaka kati ya 2019 na 2023, ambayo ingeweza kuwa ya kukaa na kulia, Niyonsaba aliijaza, na aliyoyafanya ndani yake hakuna kanuni inayoweza kuyafuta.

Mtaniambia: babu, hao ni mabingwa, sisi ni watoto wa Buyenzi. Haya, turudi nyumbani.

Waulizeni wazazi wenu kuhusu Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Asubuhi ile Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Lilikuwa moyo wa biashara wa nchi nzima: vitenge, mchele, viatu, simu, vyombo, kila kitu. Watu waliokuwa na vibanda mle walipoteza bidhaa, na wengine bidhaa zenyewe walikuwa wamezinunua kwa mkopo wa benki. Baadaye wengi wakahamia masoko mengine, likiwamo lile la Ngagara tunaloliita Kwa Siyoni. Mwenye mpango uliosema “kibanda changu ndani ya Soko Kuu” alibaki na jivu. Mwenye kujua bei zinavyopanda na kushuka, mwenye namba za wateja, mwenye jina safi kwa muuza jumla akaaminiwa bidhaa bila fedha taslimu, huyo naye aliumia, tena sana, lakini alikuwa na pa kuanzia.

Na Machi 2022, serikali ilipopiga marufuku pikipiki, baiskeli na tuk-tuk za abiria katikati ya jiji, vijana wangapi walikuwa wameshaweka akiba yao yote kwenye pikipiki? Sisemi walikosea kuinunua. Kazi ilikuwa ya halali na ilikuwa inalisha nyumba. Lakini asubuhi ile aliyejua kuendesha tu alikuwa katika hali moja, na aliyejua kuendesha, kutengeneza injini na kuweka hesabu za mapato yake alikuwa katika hali nyingine.

Mmeanza kuona ninakoelekea. Mbio huwekwa na watu wengine: serikali, shirikisho, mwenye duka, mwenye shule. Wanaweza kuzibadili usiku mmoja wala wasikuulize. Miguu ni yako. Mpango wa miaka 10 au 20 uandikwe kwa kuanza na miguu: unataka uweze kufanya nini, vizuri kiasi gani, na nani atakuamini nacho. Jina la kazi lifuate baadaye.

Tuchukue mfano, nami nitautunga, ili asiseme mtu namsema mtoto wa fulani. Tuseme yupo binti wa miaka 15, tumwite Zawadi, anakaa Buyenzi, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba ambako magereji yamepangana mpaka magari yanatengenezwa nje kandokando ya njia. Zawadi anataka kuwa fundi mkubwa wa mashine. Matokeo yametoka, amefaulu, ila alama zake zimempeleka mchepuo wa lugha. Shule ya ufundi aliyoitamani imejaa. Nyumbani ni kilio. Mama anamwambia avumilie, mjomba anamwambia akate tamaa mapema apunguze maumivu.

Mimi ningempa karatasi moja na kalamu. Juu kabisa asiandike “mhandisi”. Aandike: “Nataka niweze kutengeneza mashine zinazotumia umeme, na watu waniletee bila wasiwasi.” Ona tofauti. Sentensi hiyo haifungwi na mchepuo. Inaweza kufikiwa kwa chuo kikuu, kwa shule ya ufundi ya jioni, kwa kujifunza mikononi mwa fundi, hata kwa kwenda nje na kurudi.

Chini yake aandike anachoweza leo, bila kujidharau wala kujivisha kilemba cha ukoka. Anajua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na Kiingereza kinaanza kumkaa mdomoni. Msilichukulie hilo kama jambo dogo kwa sababu tu watoto wote wa Buyenzi wanalo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza Julai 2010 inamruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka kutafuta kazi. Fundi anayeweza kusoma kitabu cha mashine kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha akamweleza mteja wa Kigoma au Uvira kwa Kiswahili, amewapita wengi. Kumbe ule mchepuo wa lugha uliomliza unaweza kumjengea mguu mmoja, kama ataamua uwe hivyo.

Halafu Jumamosi. Gereji ya jirani ipo hatua chache kutoka nyumbani. Aombe kwa adabu, akisindikizwa na mzazi, aje kusaidia na kutazama. Wiki za kwanza atafagia, ataosha vyuma kwa mafuta ya taa, atatumwa spana. “Nipe kumi na mbili.” Ataleta kumi na nne, atarudishwa. Baada ya muda atatazama kichwa cha nati tu na mkono wake utakwenda wenyewe kwenye spana sahihi. Kwenye hizi Toyota zetu kumi, kumi na mbili na kumi na nne ndizo za kila saa. Atajifunza kwamba fundi makini akifungua injini hatupi nati ovyo. Anazipanga juu ya katoni kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na ile iliyotoka mwisho ndiyo itakayorudi kwanza. Anayejifunza hivyo akiwa na miaka 15 atakuja kukaa darasani akiwa na miaka 20 akisikia mwalimu anaeleza kitu ambacho vidole vyake tayari vinakijua.

Sasa atazame mbele, miaka 10 hivi. Nchi inaelekea wapi? Mnaona foleni za petroli zilivyotutesa Bujumbura miaka hii. Mnaona pia umeme unavyotafutwa kila upande. Mwaka 2021 kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, Gitega, kilizinduliwa, megawati 7.5. Kule Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera, kimejengwa kituo cha megawati 80 ambazo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana. Na kuna mradi wa reli kutoka Uvinza, Tanzania, mpaka Musongati. Siwezi kuwaahidi lini treni itapiga honi Musongati. Ninachosema ni kwamba vitu hivi vyote vitahitaji watu wa kuvitunza, na watu hao lazima waanze kujifunza kabla ya siku ya uzinduzi. Kwa hiyo Zawadi anaposema “mashine zinazotumia umeme” haoti tu. Ametazama upepo unakovuma.

Gharama nazo ziwemo kwenye karatasi, maana hapa ndipo mipango mingi ya vijana inapofia. Sanduku la vifaa halishuki kutoka mbinguni. Aandike kifaa kimoja kimoja, cha kwanza kipi, cha pili kipi, na kila kimoja kitapatikanaje: kwa upatu na wenzake, kwa vijisenti vya Jumamosi, kwa mjomba yuleyule aliyemwambia akate tamaa. Msicheke, wajomba wa namna hiyo hulainika wakiona karatasi. Kifaa kimoja kwa miezi sita, ndani ya miaka mitano ni vifaa kumi, na vifaa kumi ni mwanzo wa kujitegemea.

Miaka ya kati, baina ya 18 na 25, aiachie nafasi. Nimeona vijana wanaojaza kila mwaka kwa uhakika wa ajabu: 2029 nitamaliza chuo, 2030 nitaajiriwa, 2031 nitanunua gari. Mpango wa namna hiyo unavunjika mwaka wa kwanza ukienda mrama, na mwenye nao anauchana wote. Ni bora aandike mambo anayotaka yawe yameingia mikononi mwake atakapofika miaka 20, kisha 25, na asiweke njia moja ya kuyapata. Akikosa nafasi chuoni mwaka huu, swali lake lisiwe “nimeharibikiwa?” Liwe “ule ujuzi niliotaka kuupata pale, unapatikana wapi kwingine?” Niyonsaba alipozuiwa mita 800 aliuliza swali hilo kwa vitendo.

Kwa mnaotamani mpira, nanyi siwaachi. Saidi Ntibazonkiza, Saido wenu, alizaliwa hapa Bujumbura mwaka 1987. Akachezea Vital'O, akaenda Uholanzi kwa NEC Nijmegen, akapita Poland, akapita Ufaransa, kisha akaja Tanzania akavaa jezi za Yanga na Simba. Msimu wa 2022/23, akiwa amefikisha miaka 36, alimaliza akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania pamoja na Fiston Mayele, kila mmoja mabao 17. Umri huo kwa mchezaji ni uzee wa heshima. Angalieni lakini: hata kwa Saido, aliyedumu kuliko wengi, mpira unaisha mtu akiwa na nusu ya maisha mbele yake. Daktari wa miaka 36 ndiyo kwanza anaanza kuzoeleka. Kwa hiyo karatasi ya mtoto wa mpira inahitaji ukurasa wa pili kuanzia siku ya kwanza: lugha, hesabu, cheti cha ukocha, biashara. Si kwa sababu hatafaulu uwanjani. Ni kwa sababu hata akifaulu, uwanja utamwacha mapema.

Wapo watakaowaambia kwamba kupanga miaka 20 mbele ni kiburi, kesho ni ya Mungu. Wazee wa Buyenzi hawataji kesho bila inshallah, nami siitaji. Lakini inshallah hutangulizwa mbele ya nia, na asiye na nia anatanguliza nini? Katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia sisi, ninawaelewa watu walioacha kupanga. Waliona nyumba, soko, shule na ndugu vikitoweka. Siwahukumu. Nyinyi lakini mnastahili kupanga, na nawasihi msione haya kufanya hivyo.

Mzazi naye ana yake. Baba anataka daktari, mtoto anataka mashine. Usimpinge mbele ya wageni, wala usimfiche. Subiri jioni ametulia, kaa chini, mwambie: “Baba, naomba unisikilize, nina karatasi nataka uisome.” Karatasi inasaidia kwa sababu inamwonyesha kwamba umefikiri, kwamba hujaleta ndoto ya jana usiku. Anaweza kuikataa. Muulize ni mstari upi hasa anaouogopa. Mara nyingi ni gharama, au anaogopa utakuja kusumbuka kama alivyosumbuka yeye, na hofu hiyo mnaweza kuizungumza.

Na kabla ya kuikunja, karatasi iwe na majina ya watu. Hapa namrudia Kwizera. Nchi ilipopata kamati yake, yeye alikuwa ameshapitwa na miaka mizuri, na nafasi yake ya kukimbia ilikuja kwa sababu kulikuwa na kijana aliyejua alichopoteza na akawa tayari kumpisha. Hakuna anayefika mbali peke yake. Andika nani anajua unachotaka. Andika pia nani wewe unaweza kumpisha au kumvuta: mdogo wako anayeshindwa hesabu, rafiki asiye na daftari. Mpango usio na jina lolote zaidi ya la mwenyewe siuamini.

Kila Juni, shule zikielekea kufunga, karatasi itolewe isomwe upya. Yaliyotimia yapigiwe mstari. Yasiyotimia yaulizwe kama ni mbio zilizofungwa au ni miguu haikufanyiwa mazoezi, na hapo mtu asijidanganye, kwa sababu hakuna mwingine anayemsomea. Yaliyobadilika yaandikwe upya kwa kalamu ya rangi nyingine, ya zamani yasifutwe, ili miaka 5 baadaye aone alivyokuwa anafikiri.

Likizo hii nawapa kazi moja. Kila mmoja wenu amtafute mtu mmoja anayefanya ile kazi anayoiwazia: muuguzi, mvuvi wa ndagala, dereva wa lori la Dar es Salaam, mwalimu, fundi cherehani, mtu wa kompyuta. Mwende mapema kabla hajachoka, mmwamkie vizuri, mmwombe dakika chache. Mmwulize siku yake inaanzaje na inaishaje. Mmwulize ni jambo gani alilojifunza akiwa na umri wenu ambalo bado linamsaidia leo. Kisha mmwulize, kazi hii ikifungwa kesho, mikono yako ingejua kufanya nini kingine? Majibu yaandikeni, na shule zikifunguliwa mniletee niyasome.